Mistari ya Chaki Nyumbani kwa Mwanaiddi

Kwa karibu mwaka mzima nilimnunia wifi yangu Mwanaiddi kwa sababu ya uso wake. Yeye ni mke wa kaka yangu Seleman, na nyumba zetu zinapakana hapa Majengo, Mpanda mjini. Alikuwa mtu wa kucheka. Ukimsimulia jambo, uso wake ulikuwa unasimulia pamoja na wewe. Kisha taratibu ule uso ukafunga. Siku ya Idi nilimpelekea sahani ya pilau, akaipokea, akasema ahsante kwa sauti ndogo, akanitazama kama mtu anayetazama ukuta. Nilirudi nyumbani nimefura. Nikamwambia mume wangu kwamba wifi siku hizi anajiona, ameshonea wake za wakubwa mpaka kichwa kimevimba.

Nilikuwa na ushahidi mwingine pia. Mimi nauza dagaa sokoni, dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaoletwa kutoka Karema, na miaka yote Mwanaiddi alikuwa ananitania kwamba kabla sijapiga hodi harufu yangu imeshaingia na kukaa. Utani huo ukakoma. Niliona hata kunitania hataki tena. Sikujua kwamba pua yake ilikuwa imeacha kunusa, na kwamba uso wake ulikuwa hautii anachouagiza.

Mwanaiddi ni fundi cherehani. Kibanda chake kilikuwa upande wa pili wa njia, mkabala na meza yangu ya dagaa, kwa hiyo kazi yake nimeiona kwa macho miaka kumi na minane. Alikuwa anampima mteja mara moja, anaandika namba kwenye daftari, kisha anatandaza kitenge, anapiga mistari miwili mitatu ya chaki na kukata bila kusita. Wanawake walikuwa wanatoka Inyonga na Sitalike kuja kushonewa naye.

Ugonjwa ulianza mkono wa kulia. Mkono ulitetemeka ukiwa umepumzika, na ukishika mkasi ukatulia. Ndiyo maana wateja hawakuona kitu. Akiwa anasubiri mtu, au anasikiliza redio, ndipo vidole vilianza kusuguana kama vya mtu anayehesabu mbegu. Alijifunza kuukalia ule mkono. Baadaye mwandiko wake ukaanza kupungua. Mstari ulianza na herufi za kawaida, ukaishia na vitu vidogo kama sisimizi. Ikafika siku alisoma vibaya namba yake mwenyewe, akashona gauni la bibi harusi likabana kifuani mpaka zipu ikagoma, na harusi ni kesho yake. Mama wa bibi harusi alisimama katikati ya njia akasema kwa sauti ya kusikika soko zima kwamba fundi huyu ama kazeeka, ama anakunywa kwa siri.

Mwanaiddi alikaa akafumua lile gauni, akaongeza vipande pembeni, akalimaliza jioni ile ile. Kisha akafunga kibanda, akavuka njia, akakaa kwenye ndoo yangu iliyogeuzwa.

"Wifi, najua unanifikiria vibaya," aliniambia. "Ukiniambia neno la kuchekesha, mimi nacheka. Ndani nacheka kabisa. Usoni hakitoki kitu."

Niliona aibu ambayo sijaona tena. Nilimshika ule mkono, ukatetemeka ndani ya mkono wangu kama kifaranga, tukakaa hivyo mpaka watu wakaanza kufunga meza zao.

Tulihangaika kama watu wengine wanavyohangaika. Kaka alimpeleka kwa sheikh akasomewa, na kisomo kilimpa utulivu wa moyo lakini mkono ukabaki vile vile. Ndugu mmoja akatupeleka kwa mzee anayefukiza majani, huko njia ya Sitalike. Tulitoka tumelia kwa moshi, mgonjwa na wasindikizaji. Mwishowe daktari mmoja wa hapa Mpanda alimwangalia anavyoingia chumbani na kugundua kwamba mkono wake wa kulia haupungi akitembea. Akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Mbeya. Kaka alikuwa na duka la vitambaa la kuangalia, kwa hiyo nilimsindikiza mimi, basi likakata mbuga ya Katavi alfajiri na kupita Sumbawanga jua likiwa limeshapanda.

Daktari wa Mbeya alikuwa mwanamke kijana mpole. Alimwambia agonganishe kidole cha shahada na gumba haraka haraka, atembee kwenye korido, aandike sentensi moja, achore duara linalojizungusha kama konokono. Lile duara lilitoka dogo na lenye meno. Akatuambia ugonjwa unaitwa Parkinson. Ni wa ubongo. Zipo chembe ndani ya ubongo zinazotengeneza kitu cha kupelekea mwili amri, nazo zinakufa polepole. Hauambukizi, na haukuletwa na kosa la mtu yeyote. Kuuondoa haiwezekani, lakini mtu anaweza kuishi nao miaka mingi. Akampa vidonge vya mara tatu kwa siku, vimezwe nusu saa kabla ya chakula, visikutane tumboni na nyama wala maharage kwa sababu vitazuiwa njiani, na visiachwe ghafla hata kama anajisikia mzima.

Mwanaiddi aliuliza swali moja tu, kama ataendelea kushona.

"Shona," daktari akamwambia. "Mwili wako unauhitaji huo mwendo. Kazi ikikushinda kwa njia hii, itafutie njia nyingine."

Tuliporudi, tatizo letu likawa kaka yangu. Sisemi hivi kumlaumu. Seleman anampenda mke wake, na habari ya Mbeya ilimtisha, kwa hiyo akaamua mke wake asiguse kitu. Alimfunga vifungo, alimvalisha viatu, alimlisha kwa kijiko. Cherehani aliifunika kwa shuka akaiweka stoo, na kibanda akakirudisha kwa mwenye soko. Mtu akija kumsalimia Mwanaiddi, kaka ndiye aliyejibu. Katika miezi minne Mwanaiddi alizeeka kuliko katika miaka yote niliyomjua. Alikuwa anawekwa kwenye kochi asubuhi na kuondolewa hapo jioni.

Halafu miguu ikaanza kuganda. Mara ya kwanza niliiona mwenyewe. Alikuwa anatoka sebuleni kwenda jikoni, akafika kwenye mlango, nyayo zikashikwa na sakafu. Kiwiliwili kilitaka kwenda, magoti yalitikisika, lakini miguu haikuinuka. Nikafanya ambalo mtu yeyote angefanya: nikamshika mikono yote miwili nikavuta. Tulianguka pamoja, yeye juu yangu, na sufuria ya uji ikatumwagikia. Bahati uji ulikuwa umeshapoa.

Tulikaa chini pale pale. Nilidhani atalia. Badala yake aliniambia taratibu kwamba asivutwe tena, nisimame tu karibu nisubiri. Kisha akaomba nimsaidie kusimama, na alipokuwa wima akakumbuka jambo. Alisema juzi ufagio ulikuwa umelala hapo mlangoni, naye akauruka bila shida. Bila ufagio anaganda. Akaniambia niulaze tena. Nikaulaza. Akautazama, akainua mguu kana kwamba hakuna ugonjwa duniani, akauvuka.

Tukarudia. Ufagio ukiwepo, anapita. Ukiondolewa, anaganda. Nikasema labda ni bahati. Yeye alikuwa hanisikilizi, alikuwa anafikiri kama anavyofikiri akiwa na kitambaa mbele yake. Aliniagiza nilete chaki yake kutoka stoo, ile chaki bapa ya fundi, na futi ya mbao. Mimi nilipiga magoti, yeye alisimama akinielekeza, nikachora mstari mmoja mlangoni, mwingine nafasi ya hatua moja mbele yake, mwingine tena, mpaka jikoni, na kutoka jikoni mpaka mlango wa nyuma. Ufagio ungekuja kumwangusha siku moja, alisema, lakini mstari haumwangushi mtu. Akatembea juu ya ile mistari huku na huku mara sita. Hatua zake zilikuwa ndefu. Sijui kama mtu ambaye hajawahi kupoteza mwendo anaweza kuliona hilo, lakini mimi nilikuwa nimekaa sakafuni na uji kwenye gauni, nikamwangalia kama naangalia ndege inapaa.

Kaka aliporudi alikuta sakafu yake imechorwa, akauliza ni watoto wa nani waliofanya hivyo, na tayari alikuwa ameshika tambara la kufutia. Mwanaiddi alitoka jikoni akiwa na kikombe cha chai nusu, amekishika kwa mikono miwili, akapita kwenye mistari mpaka alipo mumewe, akampa.

"Baba Bashiru," alimwambia, na Bashiru ni mtoto wao mkubwa aliye Tabora, "kijiko bado nakiweza. Nitachelewa, nitamwaga, lakini niachie mwenyewe. Na cherehani yangu itoke stoo."

Kaka aliliweka tambara chini. Alikunywa ile chai yote. Asubuhi yake cherehani ilikuwa sebuleni, karibu na dirisha, imepakwa mafuta.

Tangu hapo nyumba yao ikawa kama karakana. Mwanaiddi aliuchukulia ugonjwa kama mteja mgumu mwenye mwili usio wa kawaida, ambaye lazima apimwe upya. Vifungo vyake vyote alivihamisha, akavishonea juu kwa urembo tu, na chini yake akaweka yale mabandiko yanayoshikana yenyewe, kama ya viatu vya watoto, yanayolia chwaa ukiyabandua. Sketi zake akazitia lastiki. Kwenye kila zipu akafunga kitanzi cha kamba kinachoingia kidole. Mpini wa kijiko akauviringishia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ukawa mnene na mzito, na mkono ukatulia nao vizuri kuliko na kijiko chepesi. Kandambili alizitupa, akanunua viatu vyenye mkanda wa nyuma.

Kugeuka kitandani kulikuwa kunamshinda, shuka za pamba zinang'ang'ania nguo. Akachukua kipande cha satini kilichobaki kwenye nguo za harusi, akakishonea katikati ya shuka pale panapolala kiuno. Siku ya pili aliniambia amegeuka peke yake na kaka hakuamka. Alilisema hilo kama mtu anayetangaza kwamba mwanawe amefaulu mtihani.

Dawa aliipa adabu ya pekee. Kaka alipendekeza ameze kwa kufuata adhana ili asisahau. Mwanaiddi akamwambia adhuhuri ya Mpanda haiji saa sita kamili, na dawa yake inataka saa. Akatega simu ilie saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni. Aligundua kwamba kuanzia saa moja mpaka saa nne asubuhi mwili unamsikiliza, basi kukata vitambaa akakuweka humo. Baada ya hapo anashona mishono iliyonyooka, ya kukanyaga tu, na aliniambia mdundo wa pedeli ya cherehani unaiamsha miguu yake. Kazi ndogo ndogo za kola na darizi akaziacha. Wateja waliokuja nyumbani aliwaambia waziwazi: nina ugonjwa wa kutetemeka, nguo yako itachukua wiki mbili badala ya siku tatu, ukiridhika nikupime. Wengi waliridhika.

Hata kusimama kutoka kwenye kiti alikutafutia njia. Anavuta nyayo nyuma, anasogea ukingoni, anainamisha kifua mpaka pua ipite magoti, anabembea mara tatu, anainuka. Kugeuka hageuki tena pale pale kama mlango. Anazunguka kwa upana, kama lori linavyogeuka barabarani. Na kwa kuwa sauti ilikuwa inapungua, kila asubuhi alisimama uani akahesabu mpaka hamsini kwa sauti ya kumwita mtu aliye mbali. Majirani wa upande wa pili walidhani ananiita mimi, mara mbili tatu wakaja kunifuata.

Siku moja akaja mteja kutoka Katumba, kwenye makazi ya watu waliotoka Burundi, binti wa miaka thelathini hivi anayeitwa Spès. Alikuwa amebeba kitenge cha sare ya kwaya. Aliiona mistari sakafuni, akamwangalia Mwanaiddi akitembea juu yake kwenda kuchukua futi, na akasahau kilichomleta. Akauliza ile ni kwa ajili ya nini. Mwanaiddi akamweleza. Spès akakaa chini bila kukaribishwa.

Baba yake, mzee Yotham, alikuwa mkulima wa tumbaku. Sasa alikuwa na mwaka na miezi hajatoka chumbani. Alianza kutetemeka, akapelekwa hospitali akapewa dawa, zikamtapisha, akaziacha. Miguu iliposhikwa mara ya kwanza watu walikuwa wanaangalia, nje ya kanisa, na tangu siku hiyo alikataa kutoka. Vijana wake walikuwa wanambeba kwenda chooni.

Mwanaiddi akasema tutakwenda Jumamosi. Kaka akapinga. Alisema njia ina mashimo, jua kali, na ni nani atakayelaumiwa mke wake akianguka kwenye nyumba ya watu. Alisema yote kwa upole, na yote yalikuwa kweli. Mwanaiddi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekaa kwenye kochi lile miezi minne," alisema. "Yule amekaa mwaka na zaidi. Naenda, baba Bashiru. Ukitaka kunilinda, njoo."

Kaka akafunga duka Jumamosi, akakodi bajaji, tukaenda watatu.

Tulichelewa. Bajaji ilipata pancha katikati ya njia, tukakaa kwenye kivuli cha mihogo zaidi ya saa nzima. Simu ya Mwanaiddi ililia saa sita, akameza kidonge kwa maji ya chupa, lakini asubuhi ile katika haraka ya kuondoka alikuwa amekula maharage, na kile kidonge hakikushika kama kawaida. Tulipofika kwenye ua wa mzee Yotham aliteremka akiwa mzito. Mke wa mzee, mama Josefina, alitupokea kwa heshima, wanawe wawili wakasimama pembeni, na watu wa jirani wakasogea kuona wageni kutoka mjini.

Kwenye kizingiti cha nyumba, mbele ya wote, Mwanaiddi akaganda.

Nilimwona kaka ananyoosha mkono, kisha akaurudisha. Hilo lilimgharimu, nililiona usoni mwake. Ndani, kupitia mlango wa chumba ulio wazi, mzee Yotham alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amefunikwa blanketi mabegani, anaangalia. Yule mwanamke aliyeletwa kumfundisha kutembea alikuwa amesimama mlangoni magoti yanacheza, hawezi kwenda mbele wala nyuma.

Mwanaiddi hakuinamisha uso. Alisema kwa ile sauti yake ya uani, ili mzee naye asikie, kwamba miguu imeganda, dawa imechelewa, na hili humtokea. Akaomba asishikwe na mtu. Kisha akamwomba mama Josefina majivu ya jikoni yaliyochanganywa na maji kidogo, kwa sababu chaki isingeonekana vizuri kwenye sakafu ya udongo. Ilichukua muda. Watu wote tulisubiri, kuku wakapita katikati ya miguu yake. Mimi nilipiga magoti nikachora kwa kidole mstari mweupe mbele ya nyayo zake, na mwingine, na mwingine, mpaka kwenye kile chumba. Akavuta pumzi, akahesabu moja mbili tatu, akaupita wa kwanza. Alitembea mpaka kwa mzee, akazunguka kwa upana, akakaa pembeni yake kitandani.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Umeona mwenyewe."

Mzee Yotham aliitikia. Aliyaangalia yale majivu sakafuni. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. Alimuuliza Mwanaiddi kama haoni haya. Mwanaiddi alimjibu kwamba anaona, kila mara, na kwamba kukaa kwenye kochi hakukumpunguzia haya hata kidogo.

Kijana mmoja wa mzee akaomba baba yake apewe vidonge viwili vitatu vya Mwanaiddi, ajaribu. Mwanaiddi alikataa papo hapo. Vimepimwa kwa mwili wangu, alisema, kama gauni langu, na mzee arudi hospitali aseme kwamba dawa ilimtapisha, kwa sababu daktari anaweza kubadilisha kipimo au kumwelekeza namna ya kumeza. Walikubaliana wampeleke Jumatatu.

Tulipofikiri ziara imekwisha, mzee aliondoa blanketi. Mwanaiddi akamwonyesha kuvuta nyayo nyuma na kuinamisha kifua. Alibembea, akarudi kitandani. Akabembea tena, akarudi. Mara ya tatu akasimama, mwembamba, mrefu kuliko nilivyodhani. Miguu ikagoma. Wanawe wakajongea, na Mwanaiddi akawazuia kwa kiganja. Akamwambia mzee auangalie mstari, auvuke kama mfereji, na ahesabu. Mzee akaanza kwa Kiswahili, moja, mbili, sauti ikakatika. Mama Josefina, aliyekuwa amejibana kwenye ukuta, akaanza kuhesabu kwa Kirundi, kwa mdundo, kama watu wanaolima pamoja mstari mmoja. Rimwe. Kabiri. Gatatu. Kane. Mzee akaudaka ule mdundo. Akainua mguu.

Alifika kizingitini, akashika fremu ya mlango, akasimama kwenye mwanga. Mbele yake lilikuwa shamba la mahindi ambalo alikuwa hajaliona msimu mzima. Aliangalia, kisha akamwambia mwanawe mkubwa kwamba amepanda kwa kubananisha sana. Kijana akaitikia ndiyo baba, huku machozi yanamtiririka. Mwanaiddi alikuwa amekaa ndani kitandani peke yake, amechoka, mkono wa kulia unatetemeka juu ya paja, hakuukalia.

Wakati wa kurudi, tulipokaribia mjini, kaka alimwomba mke wake amfundishe namna ya kushika mkono wa mtu aliyeganda bila kumvuta. Mwanaiddi akamwambia hakuna mkono wa kushika, kuna kusubiri, na ukiona anahangaika weka mguu wako mbele ya wake kwa upande, auvuke. Kaka amelifanya hilo mara nyingi tangu siku ile. Nimewaona mlangoni mwa duka, yeye ananyoosha kiatu chake mbele, mke anakiruka, wanaendelea na safari kana kwamba hakuna kitu.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Mzee Yotham alirudi hospitali, akapangiwa kumeza dawa kidogo kidogo, tumbo likakubali. Huanguka siku nyingine, na msimu wa mvua humsumbua, lakini kanisani anakwenda, na mashati yake yote Mwanaiddi ameyatia yale mabandiko. Mwaka jana walianza kuja wengine. Alikuja mama wa Kisukuma anayeitwa Minza, kutoka Mamba, amebebwa kwenye pikipiki katikati ya wanawe wawili, akarudi akiwa amekaa nyuma peke yake, ameshika mwenyewe. Wengine wana ugonjwa huu, wengine wana kiharusi, na Mwanaiddi huwaambia wazi wale ambao hana la kuwafaa, waende hospitali wasipoteze siku kwake.

Yeye mwenyewe hajapona, wala hakuna anayemdanganya. Zile saa zake nzuri za asubuhi zimebaki mbili. Mkasi ulimshinda mwezi wa Ramadhani uliopita. Alikata kitambaa cha mtu kikaenda pembeni, akakaa akakitazama, akauweka mkasi chini. Kesho yake akaniita. Aliniambia macho yake bado yanajua kukata, ila yanahitaji mikono, na mimi mikono yangu ni mizima, dagaa wanaweza kuuzwa na mwanangu jioni.

Kwa hiyo sasa, nikiwa na miaka hamsini na mmoja, najifunza ufundi. Kila asubuhi saa moja naoga mara mbili, kwa sababu wateja wana pua, naingia kwa wifi. Yeye anakaa kwenye kiti kirefu karibu na dirisha, anapima mteja kwa macho, ananitajia namba kwa sauti ya kusikika mpaka nje, mimi nachora. Ni mwalimu mkali. Jana nilikata mkono wa blauzi kinyume cha nyuzi za kitambaa nikaushonea, akaniambia nifumue, nikabishana, akaniwekea wembe mbele yangu, nikafumua na kukata mkono mwingine. Mteja anaichukua Alhamisi, na bado kuna pindo la chini.